Mnara wa Beit al-Ajaib na Wapagazi wa Mgunda Mkali

Mtu anayesafiri kwa reli ya kati kutoka Dodoma kwenda Tabora, akishaivuka mbuga ya Bahi, huliona gari moshi likianza kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Hupita Saranda, kisha Manyoni, kisha Itigi, na kutoka hapo kuelekea magharibi hadi mpaka wa Mkoa wa Singida, msafiri huzungukwa na vichaka vizito vya miti mifupi iliyosongamana, ambamo maji ni haba na vijiji viko mbalimbali. Nchi hii, iliyo kati ya Ugogo na Unyamwezi, wapagazi wa misafara ya karne ya 19 waliipa jina la Mgunda Mkali, yaani shamba kali. Jina hilo halikutungwa na washairi. Lilitungwa na watu waliotembea kwa miguu, mizigo ikiwa kichwani na mabegani, wakihesabu siku kwa visima na kuyahesabu maisha yao kwa vibuyu vya maji waliyobakiza.

Katika insha hii tumekusudia kueleza habari za mnara ulio mbali sana na Mgunda Mkali, yaani mnara wa Beit al-Ajaib katika Mji Mkongwe wa Unguja. Msomaji aliyezaliwa Manyoni, Iramba au Singida mjini anaweza kuuliza: mnara wa pwani, uliojengwa na Sultani mbele ya bahari, unatuhusu nini sisi wa bara? Swali hilo ni la haki, nasi tutajaribu kulijibu. Tunaamini kwamba mnara, kama kitu chochote cha urithi wa taifa, una pande mbili. Upande mmoja ni ule wa mtu aliyesimama juu akitazama mbali. Upande wa pili ni ule wa watu waliobaki chini, ambao ndio waliolipa gharama za kuujenga. Vitabu vyetu vimetaja mara nyingi upande wa kwanza. Historia ya mnara huu haiwezi kukamilika mpaka upande wa pili nao utajwe.

Njia ya pembe

Kabla ya kuufikia mnara, hatuna budi kwanza kuifuata njia. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilianzia Bagamoyo na sehemu nyingine za mrima, ikapita Usagara na Ugogo, ikakata Mgunda Mkali, ikafika Tabora katika nchi ya Unyanyembe, na kutoka hapo ikagawanyika kuelekea Ujiji na ziwa Tanganyika, na kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Richard Burton alipita njia hii mwaka 1857, na Henry Morton Stanley aliipita mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta Livingstone. Wageni hao waliandika vitabu na majina yao yakabaki. Lakini kila mmoja wao alipita hapo kwa nguvu za watu wengi wasioandika vitabu: waongozaji, askari, wapishi na wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi na watu wa pwani.

Biashara kubwa ya njia hiyo ilikuwa pembe za ndovu. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa kiasi cha frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, mbali na chungu chake, mkeka wake na chakula chake. Safari ya kutoka Tabora hadi pwani ilichukua miezi miwili au mitatu, na mara nyingine zaidi. Katika Mgunda Mkali misafara iliharakisha mwendo, kwa sababu kuchelewa kulimaanisha kiu na njaa. Aliyeugua na kushindwa kuendelea aliweza kuachwa njiani. Vituo vya njia hiyo vilijulikana kwa mawe yake makubwa, kama vile Jiwe la Mkoa na Jiwe la Singa. Mtu yeyote aijuaye nchi ya Singida hatashangaa kwa majina hayo, kwani hata leo mawe makubwa ndiyo alama ambayo mgeni huikumbuka kuliko nyingine zote.

Pembe ilipofika pwani ilivushwa kwa jahazi hadi Unguja. Huko ilipimwa, ikatozwa ushuru katika forodha, ikauzwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, wa Kizungu na wa Kimarekani, na kupelekwa Bombay, London na bandari za Marekani, ambako ilitengenezwa bangili, vitana na vibao vya piano. Pamoja na pembe, Unguja ilitegemea karafuu, na karafuu zilichumwa kwa jasho la watumwa waliotolewa bara na kufanyishwa kazi katika mashamba ya Unguja na Pemba. Ushuru wa forodha na mazao ya mashamba ndivyo vilivyoujaza mfuko wa Sultani. Kutoka katika mfuko huo zilijengwa kasri, na mbele ya kasri ukasimama mnara.

Mnara wa kwanza

Sayyid Barghash bin Said alitawala Unguja kuanzia mwaka 1870 hadi alipofariki mwaka 1888. Alipokuwa kijana alijaribu kuunyakua utawala mwaka 1859, akashindwa, akapelekwa Bombay uhamishoni. Huko aliuona mji mkubwa wa bandari na mambo yake mapya, na inaelekea kwamba mambo aliyoyaona hayakumtoka moyoni. Mwaka 1872 tufani kubwa iliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Mwaka uliofuata, baada ya kushurutishwa na Waingereza, alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja. Mwaka 1875 alikwenda Uingereza. Huyu alikuwa mtawala aliyebanwa kutoka kila upande, naye alijibu kwa kujenga.

Ni haki tuseme kwamba si majengo yake yote yaliyokuwa ya fahari tupu. Aliyaleta maji safi mjini kwa mifereji kutoka chemchemi, na watu wa mji wakanufaika. Lakini jengo lililomletea sifa kuliko yote ni kasri aliyoijenga mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe na mapokezi ya wageni. Ilijengwa kwa mawe ya matumbawe, ikazungushiwa baraza pana ghorofa juu ya ghorofa, na baraza hizo zikashikiliwa na nguzo za chuma zilizoagizwa kutoka ng'ambo. Milango yake mikubwa ilinakshiwa na kuandikwa aya za Kurani. Baadaye ikatiwa taa za umeme na lifti, vitu ambavyo wenyeji hawakuwa wameviona. Ndiyo maana watu waliiita Beit al-Ajaib, nyumba ya maajabu. Lilikuwa jengo refu kuliko yote mjini, na jirani yake zilikuwapo kasri za Beit al-Hukm na Beit al-Sahel, zilizounganishwa nalo kwa madaraja ya juu.

Mnara wenyewe, katika siku hizo za mwanzo, haukuwa sehemu ya Beit al-Ajaib. Ulisimama peke yake mbele ya kasri, karibu na maji, mrefu na mweupe, ukiwa na taa ya kuongoza vyombo vya baharini na saa ya kuonyesha wakati. Nahodha aliyetoka Maskati, Bombay au Lamu kwa pepo za kaskazi aliuona mnara kabla hajaziona nyumba. Kwa mwenye kasri, mnara ulimaanisha kwamba bandari yote iko chini ya macho yake: meli zinazoingia, majahazi yanayotoka, na bidhaa zinazoelekea forodhani. Kwa mgeni, ulimaanisha kwamba amefika katika dola yenye mwenyewe.

Hebu sasa tumfikirie mpagazi ambaye pembe yake ilivushwa hadi Unguja. Wengi wao walimaliza safari yao Bagamoyo, wakapokea ujira wao wa nguo na shanga, wakapumzika, wakarudi bara. Hawakuuona mnara. Lakini jiwe lake moja na lingine lililipiwa na ushuru wa mzigo walioubeba. Tukisema hivyo hatukusudii kuonyesha kwamba mpagazi alikuwa mtu duni asiyejua thamani yake. Wanyamwezi waliifanya kazi ya upagazi kwa ustadi na kwa majivuno. Walijadiliana ujira, walikuwa na viongozi wao, na waligoma walipoonewa. Hali ya mtumwa shambani ilikuwa nyingine kabisa, maana yeye hakuwa na la kujadiliana. Tunachosema ni kwamba wote wawili, mpagazi na mtumwa, wamo katika ukuta wa mnara ule, ingawa hakuna aliyewaandika.

Asubuhi ya tarehe 27 Agosti, 1896

Mwaka 1890 Unguja iliwekwa chini ya himaya ya Waingereza, na katika mwaka huohuo bara iliyo mkabala ilithibitishwa kuwa koloni la Wajerumani. Hivyo njia moja ya biashara ilikatwa na mamlaka mbili za kigeni. Unguja ilibaki na Sultani, lakini Sultani alibaki na jina zaidi ya nguvu.

Tarehe 25 Agosti, 1896, Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Khalid bin Barghash, mwana wa yule aliyejenga Beit al-Ajaib, aliingia kasri na kujitangaza Sultani bila ya idhini ya Waingereza. Walimpa muda hadi saa tatu ya asubuhi ya tarehe 27 ashushe bendera yake na kutoka. Khalid alikataa. Manowari tano za Kiingereza zilikuwa zimepangwa bandarini chini ya amri ya Rear-Admiral Harry Rawson. Saa tatu na dakika mbili mizinga ilianza kulia, na kabla ya kutimia saa nne kasoro robo vita vilikuwa vimekwisha. Waandishi wengine wanataja dakika 38, wengine 45. Mara nyingi vita hivi hutajwa kwa mzaha kuwa ndivyo vifupi kuliko vyote duniani.

Sisi hatuoni mahali pa mzaha hapo. Upande wa kasri watu kiasi cha 500 waliuawa au kujeruhiwa, na wengi wao hawakuwa wakuu wala mabwana, bali walikuwa askari, watumishi, watumwa na raia waliokusanyika ndani ya majengo. Upande wa Waingereza aliumia baharia mmoja. Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo. Khalid alikimbilia katika ubalozi wa Wajerumani, na baadaye akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza wakamweka Hamoud bin Mohammed kuwa Sultani.

Beit al-Hukm na Beit al-Sahel zilibomolewa. Mnara uliharibiwa vibaya hata haukufaa tena kusimama. Beit al-Ajaib yenyewe, kwa bahati, haikuumia sana. Hapo ndipo mnara ulipobadilisha mahali na maana. Mwaka 1897 mnara mpya wa saa uliunganishwa na uso wa Beit al-Ajaib, na huo ndio mnara ambao vizazi vilivyofuata viliufahamu katika picha na stempu. Mnara wa kwanza ulisimama kwa amri ya Sultani mwenye madaraka yake. Wa pili ulisimama chini ya himaya, wakati ambapo manowari zilikwisha kuonyesha nani mwenye neno la mwisho. Mtu aliyesimama baharini bado aliuona mnara, lakini kwamba bandari ilikuwa chini ya macho ya nani, hilo lilikuwa limebadilika.

Kutoka ofisi ya mkoloni hadi nyumba ya umma

Kuanzia mwaka 1911 Beit al-Ajaib ilitumiwa kwa ofisi za serikali ya himaya ya Kiingereza. Baraza zilizokuwa za sherehe zikawa njia za makarani. Kwa wakulima wa mashamba na wachukuzi wa bandarini, mnara ulikuwa sasa alama ya mahali panapotoka amri, kodi na barua zenye mihuri. Saa yake ilionekana na kila mtu, lakini wakati uliopimwa hapo ulikuwa wa serikali.

Unguja ilipata uhuru wake tarehe 10 Desemba, 1963, chini ya Sultani, na tarehe 12 Januari, 1964, Mapinduzi yakauondoa utawala huo. Tarehe 26 Aprili mwaka huohuo Zanzibar na Tanganyika ziliungana. Baada ya Mapinduzi, Beit al-Ajaib ikawa mahali pa mafunzo na makumbusho ya chama cha Afro-Shirazi, chama ambacho tarehe 5 Februari, 1977, kiliungana na TANU kuzaa Chama cha Mapinduzi. Kwa watu ambao babu zao waliingia mjini kama watumwa au vibarua, kupanda ngazi za nyumba ile halikuwa jambo dogo. Kwa mara ya kwanza mtoto wa mchumaji wa karafuu aliweza kusimama kwenye baraza ya juu na kuitazama bahari kutoka pale ambapo Barghash aliitazama. Ikiwa mnara ulipata kuwa na maana ya ukombozi, basi ilikuwa katika miaka hiyo.

Baadaye jengo likawa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na pwani ya Waswahili. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ndani ya jengo wageni waliweza kukiona chombo cha mtepe, kilichoundwa upya kwa kushonwa kamba bila ya misumari kama walivyofanya mafundi wa zamani, nacho kikapewa jina la Shungwaya. Wanafunzi walioletwa na walimu wao walijifunza hapo habari za bahari, za biashara na za watawala.

Mnara waanguka

Mizinga ya mwaka 1896 haikuiangusha Beit al-Ajaib. Kilichoiangusha ni adui wa polepole. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi hula chuma. Maji ya mvua yakipenya darini huifikia mihimili, nayo ikishika kutu huvimba na kulipasua jiwe lililoizunguka. Kila mwaka ufa mdogo huongezeka kidogo. Mwaka 2012 sehemu ya jengo iliporomoka, na makumbusho yakafungwa. Mipango ya ukarabati ilifanywa, na Oman ikajitokeza kugharimia kazi hiyo. Tarehe 25 Desemba, 2020, kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, sehemu kubwa ya jengo ilianguka pamoja na mnara wake. Watu wawili walipoteza maisha, na wengine walijeruhiwa.

Wazee walituachia neno: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Neno hili hufundishwa katika shule zetu zote, na kila mwanafunzi aweza kulikamilisha ukimwanzishia. Mnara wa Beit al-Ajaib ulilithibitisha kwa gharama ya roho za watu. Tunasema hivi bila ya kumnyooshea mtu kidole. Tumeandika kwamba mnara huu ulijengwa kwa jasho la watu wasiotajwa, na sasa ni lazima tuandike pia kwamba watu wawili walikufa wakati taifa lilipokuwa likijaribu kuuokoa. Wao nao ni sehemu ya historia yake. Siku mnara utakaposimamishwa tena, lisisahauliwe jiwe lao.

Singida nayo ina minara yake

Sasa turudi bara, ili tujibu swali tulilolianza. Wakati Waingereza walipoishika Unguja, Wajerumani waliifuata ileile njia ya misafara kuja bara. Katika miaka ya 1890 waliweka kituo cha kijeshi Kilimatinde, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, mahali ambapo mtu akisimama huiona nchi tambarare ya Bahi iliyo chini hadi macho yanapochoka. Hawakupachagua kwa uzuri wa mandhari. Walipachagua kwa sababu anayekaa hapo huweza kumwona anayekuja kabla hajaonekana yeye. Vituo vingine viliwekwa baadaye Mkalama na Singida. Wananchi waliviita boma, na neno hilo likashika mizizi, hata leo mzee akisema anakwenda bomani anaelewa kwamba anakwenda serikalini.

Boma kwa bara lilikuwa kama mnara kwa pwani. Lilikuwa jicho la mtawala. Lakini watu wa Singida hawakukaa wakitazamwa tu. Simulizi za Wanyaturu zinamtaja Liti Kidanka, mwanamke aliyewaongoza wenzake kuwapinga Wajerumani, na inasimuliwa kwamba silaha yake ilikuwa makundi ya nyuki aliyoyatuma kuwashambulia askari. Aliuawa mwaka 1908. Liti hakuacha kasri wala mnara. Kwa muda mrefu alihifadhiwa katika vinywa vya wasimulizi tu, na nyumba yake ya makumbusho ilikuwa kumbukumbu ya wazee. Hivi sasa uwanja wa mpira wa Singida mjini, ambao zamani uliitwa Namfua, unaitwa kwa jina lake. Kila Jumamosi ya mchezo, maelfu ya vijana hulitamka jina ambalo askari wa boma walitaka kulizima.

Mfano huu unatufundisha kwamba watu wasiokuwa na mnara wana njia zao za kuhifadhi yaliyopita, lakini njia hizo huwa hatarini zaidi. Jiwe likianguka, kishindo chake husikika nchi nzima, magazeti huandika, na serikali hukutana. Mzee aliyekuwa akizijua nyimbo za wapagazi akifariki, hakuna kishindo kinachosikika. Vituo vya Mgunda Mkali vimefunikwa na vichaka. Njia ambayo pembe zilipita imelimwa, imejengwa, au imemezwa na misitu. Ikiwa tunaona uchungu kwa mnara wa Unguja, na ni haki tuuone, basi hatuna budi kuona uchungu huohuo kwa njia iliyoulipia.

Wajibu wetu

Je, mnara wa namna hii ujengwe upya? Wapo wanaosema kwamba jengo la Sultani, lililotokana na pembe na utumwa, halistahili fedha wala heshima ya wananchi. Sisi hatukubaliani na rai hiyo. Jengo lenyewe halina dhambi. Lilijengwa na mafundi wetu kwa mawe ya pwani yetu, likaponea mizinga ya mkoloni, likageuzwa shule na makumbusho ya watu. Kuliacha lifukiwe ni kuwapa waliolijenga kifo cha pili. Lakini vilevile hatukubaliani na wale wanaotaka lirudi kama lilivyokuwa, likisimulia habari za taa za umeme na milango ya nakshi peke yake, ili mgeni apige picha na kuondoka akiwa amefurahi. Mnara ukirudi na hadithi ileile ya zamani, utakuwa umesimama nusu.

Tungependa katika chumba kimoja cha jengo hilo iwekwe ramani ya njia ya misafara, kuanzia Ujiji hadi Bagamoyo, na jina la Mgunda Mkali liandikwe humo kwa herufi zinazoonekana. Tungependa uwekwe hapo mzigo wa frasila mbili, ili kila mwanafunzi aingiaye aujaribu begani kwake, hata kwa hatua kumi tu, kabla hajapanda ngazi kwenda kuitazama bahari. Hapo ndipo atakapoelewa kwamba ngazi zile zilianzia mbali sana na Forodhani.

Walimu wa Singida hawana haja ya kungoja mnara usimamishwe ndipo waanze kazi. Kilimatinde ipo, Mkalama ipo, na mawe ya njia ya misafara yapo. Mwalimu wa historia anaweza kuwapeleka wanafunzi wake ukingoni mwa Bonde la Ufa, wakasimama pale alipokuwa akisimama mlinzi wa boma, kisha akawauliza maswali mawili. Swali la kwanza ni jepesi: kutoka hapa mnaona nini? La pili ni gumu zaidi, nalo litawarudisha vijijini kwao kuwauliza bibi na babu zao: waliokuwa kule chini, wakipita na mizigo yao, walipotazama juu waliona nini? Majibu yatakayoandikwa katika daftari za wanafunzi hao yatakuwa sehemu ya historia ambayo hakuna mnara wowote umepata kuihifadhi. Ni vyema yakusanywe mapema, wakati wenye kuyajua wangali hai.